Malaika Mwenye Kunuka Samaki

Byote ninaandika hapa ni kweli tupu, sikuongeza hata chumvi ya kushika na vidole. Ninaapa kwa kaburi ya mama yangu. Na kama unakatala, panda mupaka Masereka umuulize mama mwenyewe: angali analima viazi, na kofi yake ingali inafika.

Wewe mwenye kukosa gazeti ya juma iliyopita, hapana kulia. Bitu bilikuwa hivi.

Bibi yangu wa ndoa, Kyakimwa, alikusanya bamama ba maombi mu salon yetu, hapa Butembo. Kiongozi yao, Mama Agar, iko na sauti sawa mashini ya kusaga. Akafunga macho, akanyanyua mikono, akalia: "Bwana, sema nasi! Tunangoja sauti yako!"

Mimi nilikuwa ku chumba, nyuma ya rideau, ile pazia ya mulango, ninatafuta usingizi ya muchana. Nikajibu na sauti nzito:

"Agar, punguza sauti."

Bamama balianguka chini. Mumoja aliruka ukuta ya lupango bila kuigusa. Mama Agar mwenyewe akasema "Ndiyo, Bwana," na akapunguza kweli. Ingeisha muzuri, mais nikakohoa. Na Kyakimwa anajua kikohozi yangu kupita vile anajua nyimbo za kanisa.

Akafunga valise. Pale ku parking ya taxi za Beni, akaniambia:

"Papa Provi, ninaenda kwa mutoto wetu, kule Beni, ku mutaa ya Beu. Sirudi mu nyumba ya mupagani. Siku utaokoka, utakuya kunikamata. Mbele ya pale, hapana."

"Mupagani gani? Mimi niko mukatoliki!"

"Uko mukatoliki siku ya Noeli na siku ya nyama."

Taxi ikaenda. Pale njo tuliachana, mimi na weye, juma iliyopita. Sasa kamata kiti.

Mimi nilikuwa chauffeur wa camion maisha yangu yote. Ninajua kufungua moteur na kuirudisha, mais kupika, hapana. Nilijaribu bundu, ule ugali yetu. Nilikoroga, nilikoroga, mupaka kijiko ikakatala kutoka. Kuku ya jirani ikaonja kidogo, ikaenda kulala saa sita ya muchana. Nyumba ilikuwa kimya sana. Unajua, bibi mwenye kukukaripia kila siku, akienda, unabakia kujikaripia mwenyewe, na haina utamu.

Nikavaa veste, nikapanda pikipiki mupaka Beni.

Ku barrière, askari akaniuliza: "Vieux, unaenda wapi?"

"Kutafuta bibi."

"Mu hii miaka yako? Bibi mwingine?"

"Ule ule."

Akanihurumia, akafungua kamba.

Nilifika ku Beu, kwa binti yangu Providence. Alinipa kiti mu lupango. Mama yake hakunyanyua macho: alikuwa anachagua maharagi, na kila jiwe alipata, alilitupa karibu na mguu yangu. Karibu sana.

Pembeni yake alikaa kijana mumoja mwembamba, na cravate, na Biblia ku magoti. Akasimama kunisalimia na mikono yote mbili.

"Karibu, Papa Muyisa. Mimi ni Pasteur Manassé, ninachunga kanisa ya hapa. Mama alinielezea kidogo. Unisamehe, niko na swali moja tu. Papa, uliokoka?"

Sasa, musomaji, unihukumu na haki. Mu Kiswahili yetu, kuokoka ni kuokoka. Camion inapinduka mu ravin, chauffeur anatoka muzima: aliokoka. Batu banakimbia vita, banafika: baliokoka. Mambo ya kanisa, hata yale Kyakimwa aliniambia ku parking, haikupita mu kichwa yangu hata kidogo. Niliwaza ziwa.

"Kuokoka? Niliokoka, tena muzuri! Ku Kyavinyonge, mu maji."

Kyakimwa akaacha maharagi.

"Mu maji!" Pasteur akafunga Biblia polepole, sawa mutu mwenye kuogopa kuamusha mutoto. "Papa, utuambie."

Pale nilifahamu kosa. Ningeweza kusema: Pasteur, hatukusikilizana, mimi ninasema juu ya ziwa tu. Mais nilimuangalia bibi yangu. Uso ilikuwa imefunguka. Sikuona uso ile tangu siku ya ndoa.

Basi moteur ikawaka, na frein ya kuisimamisha hakuna.

"Nilikuwa nimezama," nikasema. "Giza kila pembe. Na mu ile giza, kiboko inakuya, kinywa wazi sawa mulango ya garage."

"Kiboko!" akasema Pasteur. "Shetani mwenyewe."

"Kubwa kupita Shetani, Pasteur. Nilihesabu meno."

"Na kisha?"

Kisha, mu kweli, kulikuwa mutu mumoja mufupi, muvuvi, na mambo ingine sipendi kukumbuka. Ile nikaiacha ndani ya maji.

"Kisha mukono ikatoka juu. Mukono nyeupe. Ikanishika hapa, ku kola."

"Mukono ya nani?"

"Uso sikuona. Kulikuwa mwangaza mingi."

Pasteur akasimama. "Haleluya!"

Providence alikuwa ameegemea mulango na kuniangalia na jicho moja. Ule mutoto nilimuzaa mwenyewe, hakuna njia ya kumudanganya.

"Papa, si ulituambiaka ile kiboko uliipanda ku mugongo mupaka inchi kavu?"

"Ile ilikuwa kiboko ingine."

Kyakimwa akapangusa mikono ku kikwembe, akakuya, akasimama mbele yangu.

"Papa Provi. Kwa nini hukuniambia?"

"Mama Provi, mutu hawezi kujisifu na neema."

Ninakuapia, nilishangaa mwenyewe. Sijui neno ile ilitoka wapi. Pengine niliisikia ku redio, mu camion.

Siku ya Mungu bakanipa micro. Kanisa ilijaa mupaka ku madirisha, na redio yao ilikuwa inarusha byote moja kwa moja. Nilisema. Ee, ndugu yangu, nilisema! Nilipofika ku kinywa ya kiboko, bamama bakafunika batoto macho. Nilipofika ku mukono nyeupe, chorale ikasimama bila kuitwa na ikaimba. Papa mumoja mwenye ndevu alilia, akapangusa pua na cravate yake.

Mimi pia nililia. Hadithi ilikuwa muzuri.

Nyuma ya kanisa, Kyakimwa akanitengeneza kola, ile kola yenyewe malaika alishika.

"Pasteur anaomba ushuhudie tena siku ya Mungu ijayo," akasema. "Kisha tutarudi pamoja Butembo. Nilitoa valise chini ya kitanda."

"Hatuwezi kurudi kesho?"

"Unakimbia nini?"

"Hapana kitu. Ninawaza tu jirani, na ile kuku yake."

Basi tukabakia. Na ile juma, musomaji, sitaisahau. Batu balikuya kuniona. Mumoja alileta sombe ya majani ya muhogo, mwingine ndizi, mwingine kuku muzima na miguu imefungwa. Kyakimwa alipika, na akanipa paja. Tangu Provi alizaliwa, paja ilikuwa ya mutoto ao ya mugeni. Sasa ilikuwa yangu, na mutuzi juu.

Mais batu banapenda kusikia upya. Hadithi yenyewe ilikuwa inaomba chakula. Kiboko ikazaa, zikawa mbili. Malaika akaota mabawa. Ku mwisho wa juma alikuwa anasema Kinande, luga yetu, tena ile ya milima, na sauti kidogo sawa ya mujomba wangu.

Pasteur Manassé peke yake njo alianza kunisumbua. Alikuya muchana, akakaa, akakula sombe, akaniuliza:

"Papa, mbele malaika akushike, ulijisikia namna gani?"

"Muzuri tu."

"Muzuri tu? Unazama, na kiboko mbili?"

"Nilikuwa na matumaini."

Akakunja uso. Si hasira, hapana. Sawa fundi mwenye kusikia kelele ndogo mu moteur.

"Ushuhuda yako iko na giza, iko na malaika, iko na mabawa. Iko na byote. Kitu kimoja tu sikukisikia. Hakuna pahali uliita."

"Kuita nani?"

"Yeyote. Kuomba musaada."

"Pasteur, sikupata nafasi. Mambo ilienda mbio."

Akacheka kidogo, akaenda. Kyakimwa alikuwa karibu, na alisikia. Mangaribi ile nilipata shingo ya kuku.

Siku ya Mungu ikafika. Valise ilikuwa imefungwa, imesimama ku mulango ya Provi. Taxi imeambiwa. Kulibakia tu ushuhuda moja, na bibi yangu ni wangu.

Nilisimama na micro. Nikavuta pumuzi. Nikasema: "Bandugu, kulikuwa kiboko tatu..."

"Papa, kidogo tu," akasema Pasteur Manassé. Alikuwa anacheka na meno yote. "Mbele uendelee, tuko na mugeni. Alikusikia ku redio, kule kule Kyavinyonge, akasafiri mupaka hapa. Ndugu, simama!"

Harufu ilinifikia mbele sijaona uso yake. Harufu ya samaki ya moshi.

Kisha akasimama. Mufupi, mabega mapana, shati ya kucheza mupira imekwisha rangi na kupasuka, kikapo mu miguu. Nyamuhanga wangu, Mungu wangu! 

"Mimi ni Kitsa," akasema. Hakuhitaji micro: bale ba ziwa banazoea kuitana mbali. "Niko muvuvi. Ku redio nilisikia huyu muzee anasema malaika alimutoa mu maji, pale ku bandari yetu. Nikafurahi sana. Sikujua kama mimi niko malaika."

Macho yote ikakuya kwangu. Kisha kicheko kimoja, nyuma kabisa. Kisha kingine.

"Na mabawa?" akauliza Jacob, muchinja ng'ombe, mutu munene mwenye alikuwa anangoja kubatizwa siku ile.

"Mabawa sina. Bibi yangu angekwisha kuniambia."

Hapo bakacheka bote. Mimi nilitafuta mulango na macho. Ilikuwa mbali, na kati yangu na mulango kulikuwa Kyakimwa.

"Ndugu Kitsa," akasema Pasteur, na kicheko chake kilianza kupunguka, "kiboko ilikuwa ngapi?"

"Hakuna kiboko, Pasteur. Kulikuwa yeye tu. Alikuya na camion kubeba samaki. Akapanda mu mutumbwi yangu, juu anataka kutuhadithia vile alipiganaka na simba. Akasimama kutuonyesha urefu ya simba. Akaanguka."

"Basi ukamutoa."

"Hapana. Niliruka, nikamushika, akanipiga kofi. Akasema: 'Niache, mujinga, ninajua kuogelea!' Akazama. Akatoka, akasema: 'Ninajua!' Akazama. Nikamukaribia, akanipiga teke."

"Ukafanya nini?"

"Nilingoja."

"Ulingoja?"

"Pasteur, mutu mwenye kusema anajua, ukimushika anakuzamisha na weye. Nilingoja achoke. Alipoacha kusema, nikamukamata ku kola, nikamuvuta."

"Ya kola ilikuwa kweli," nikasema polepole.

Nilisahau micro ilikuwa wazi.

Basi, kanisa ikapasuka. Chorale ilianguka mumoja juu ya mwenzake. Papa wa ndevu alilia tena, mara hii na kicheko, na cravate ile ile.

"Kufika ku muchanga," Kitsa akamalizia, "alifungua macho, akauliza nani alimusukuma."

Pasteur alinyanyua mukono. Ilichukua wakati batu banyamaze. Nilingoja anifukuze. Mais hakuniangalia mimi, aliangalia bale bengine.

"Mumeisha kucheka? Muzuri. Sasa, mwenye hakumuambia Mungu hata siku moja 'Niache, ninajua kuogelea', asimame tumuone."

Habakusimama. Jacob aliangalia viatu byake. Hata mimi ningesimama, kwa mazoea tu, mais nilikuwa nimesimama tayari.

Mutu mumoja peke yake njo alisimama, na si juu ya swali ile. Kyakimwa. Alikamata kikwembe yake, akatoka inje.

Nilimukimbilia. Ku lupango ya Provi nilimukuta anafungua valise, anatoa nguo moja moja, anazirudisha ku kamba.

"Mama Provi, ile kiboko..."

"Kiboko haina neno." Hakugeuka. "Miaka yote ninaishi na kiboko yako, na simba yako, na ule jini wa ku muteremko ya escarpement mwenye kukuomba lift. Nilizoea. Ningekubali hata malaika."

"Basi ni nini?"

"Kila asubui ya hii juma nilipiga magoti, nikashukuru juu ya ile mukono. Nililia juu ya ile mukono, Papa Provi! Kumbe iko na jina. Iko na bibi, iko na shati ya kupasuka. Na hukumuambia hata wasingya, hata aksanti moja. Ulimupiga teke, kisha ulimufuta, ukaweka mwangaza."

Nikaokota nguo moja, nikairudisha mu valise; akaitoa tena.  

Pasteur na Kitsa bakaingia, na nyuma yao nusu ya kanisa, juu batu ba Beu habawezi kukosa mambo sawa hii.

"Pasteur!" nikalia. "Unibatize! Leo leo! Pamoja na huyu Jacob!"

"Hapana, Papa."

"Namna gani hapana? Kazi yako ni nini?"

"Ubatizo haiko dawa ya kurudisha bibi. Ninaweza kukulowanisha, ndiyo. Utatoka mu maji mwongo mwenye kulowana."

"Amulipe Kitsa kwanza," akasema Kyakimwa.

Bote bakageukia Kitsa. Mimi nikavua veste mbio mbio, nikamupa. Aliinyanyua, akaipima ku mwili, ikamufikia ku magoti. Akanirudishia.

"Hii, bibi yangu atashona rideau nayo. Hapana, muzee." Akajikuna kichwa. "Mimi ninataka uingie mu maji tena. Mbele ya batu. Na mara hii uniite. Jina yangu. Useme: Kitsa, unisaidie. Utakuwa umelipa."

"Ni ile tu?"

"Ni ile tu."

Nilikaribia kumukumbatia.

Kanisa yao inabatizia kwa ancien Gamaliel, muzee wa kanisa, mu étang yake, bwawa ya samaki nyuma ya nyumba. Muto iko mbali, na njia ya muto, unajua wewe mwenyewe, iko na benye bunduki. Étang iko ndogo, maji ya rangi ya chai, na tilapia munene. Gamaliel hapendi batu bapige kelele sana wakati ya ubatizo, juu samaki zinakosa kukula.

Nilivua viatu. Nikaingia mupaka ku magoti. Kitsa alikuwa pembeni yangu, mikono nyuma, sawa mutu ku mazishi ya mutu yeye hamujui.

"Kitsa, unisaidie!" nikasema, nikageuka kutoka.

"Hapana," akasema Kyakimwa ku ukingo. "Ile ni sauti ya kuagiza pombe ya kasiksi. Ingia ndani."

Kicheko. Nikaingia mupaka ku kiuno. Tilapia ikaanza kuniuma ku vidole vya miguu.

"Kitsa. Unisaidie."

"Ile ni sauti ya kuitisha batu babadilishe roue ya camion. Ingia ndani."

"Mama Provi, mimi niko muzee!"

"Ingia ndani, muzee."

Nikaingia mupaka ku kifua. Kule mbele yangu Pasteur Manassé alikuwa amemushika Jacob muchinja ng'ombe. Akamuuliza maswali, Jacob akajibu, Pasteur akamuzamisha.

Sasa, Jacob ni mutu wa nyama, si wa maji. Alitoka na macho imefungwa, mikono inatafuta pa kushika, na kitu cha kwanza alishika kilikuwa mimi. Matope ikateleza. Kilo zote za ule mutu zikakuya juu yangu.

Nikaenda chini.

Ninataka kukuambia kulikuwa mwangaza. Hakukuwa. Chini ya étang ya Gamaliel kuko matope na mavi ya samaki, na giza ya kweli, ile haina hadithi. Nikafungua kinywa kusema ninajua, ninajua, na maji ikaingia. Nikatafuta chini na miguu, hakuna chini. Nikatafuta kitu ya kusema, hakuna mutu wa kumusemea. Na kwa mara ya kwanza nilijua kitu kimoja bila kukitengeneza: mimi siwezi. Si mu maji tu.

Kichwa yangu ikatoka juu. Na sauti ikatoka, si ile unajua. Nyembamba, sawa ya mutoto mwenye kuota mubaya.

"Bwana! Bwana, uniokoe!"

Mukono ikanikamata ku kola.

Batu bote bakasogea ku ukingo. Hata Gamaliel.

"Muzee," akasema Kitsa ku sikio yangu, na heshima, "ulikosa jina. Mimi ni Kitsa."

Pasteur Manassé alimuacha Jacob, akakuya anapasua maji na kifua. Cravate ilikuwa inaelea mbele yake. Hakuwa anacheka.

"Papa Muyisa. Uliita Bwana. Bwana gani? Huyu mwenye kukushika, ao Ule?" Akaonyesha juu na kidole yenye kutoka maji.

Kichwa yangu ya chauffeur ikaanza kupiga hesabu, hata pale. Nikisema nilimuita Bwana Kitsa, nimelipa, na valise inafungwa. Nikisema nilimuita Ule wa juu, Pasteur ananibatiza hapa hapa, na valise inafungwa. Njia zote mbili zinafika Butembo. Zote mbili lami.

Mais sikujua ipi ilikuwa kweli. Ninakuapia, na mara hii bila kaburi ya mutu. Nilitafuta ndani yangu nani nilimuita, na nilisikia tu ile sauti ndogo.

Kyakimwa alishuka ku ukingo mupaka viatu byake bya kanisa bikaingia mu maji. Hakuvivua.

"Papa Provi," akasema, polepole, sawa vile aliniitaka zamani. "Hapana kujibu upesi. Ukijibu upesi, nitajua ni uongo."

 

Batu bote ba Beu bananiangalia, tilapia inaniuma mguu, na mimi, Muyisa, sina hadithi.

"Muzee, tafazali, amua," akasema Kitsa. "Mukono yangu inaanza kuchoka."